Kasha la njumu: limetengenezwa wapi, na lina miaka mingapi?

Swali hili hutufikia mara kwa mara, kwa kawaida likiwa na picha iliyopigwa haraka ndani ya chumba chenye giza. Ni sanduku la mbao nyeusi, limepigwa misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo, lina droo mbili au tatu chini na vishikio vya shaba ubavuni. Nyumbani wanaliita kasha, au sanduku la njumu. Liliachwa na bibi. Sasa kuna mtu amefika kwa pikipiki, anataka kulinunua, anasema ni kuukuu tu na anataka jibu leo.

Kabla ya kumjibu, ni vizuri kujua limetengenezwa wapi na lini. Mtu yeyote mwenye macho, tochi ya simu na saa moja ya utulivu anaweza kulichunguza. Mwaka kamili ni nadra kuupata. Lakini unaweza kutenganisha kasha la karne ya 19 na lile lililotengenezwa miaka ya karibuni kwa ajili ya watalii, na tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni kubwa.

Jina lisikupoteze

Wengine huliita kasha la Kizanzibari, wengine la Kiarabu, la Lamu au la Kishirazi. Majina haya mara nyingi yanaeleza mahali kasha lilipouzwa au mtu aliyekuwa nalo, si mahali lilipotengenezwa. Sehemu kubwa ya makasha ya kale yaliyopo Afrika Mashariki ilitoka pwani ya magharibi ya India: Surat na miji mingine ya Gujarati, Bombay ambayo leo inaitwa Mumbai, na pwani ya Malabar kusini zaidi.

Safari yake ilikuwa ya pepo. Majahazi yaliteremka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi hivi, yakiwa na vitambaa, mchele, vyombo na samani. Kusi ilipoanza kuvuma yalirudi na boriti za mikoko, pembe za ndovu na karafuu. Kasha lilikuwa mzigo wenye faida, kwa sababu baharia aliweza kulijaza vitu vyake njiani, kisha akauza kasha lenyewe Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo au Kilwa. Masanduku ya aina hiyohiyo yaliuzwa Oman na Ghuba, ambako huitwa mandusi na, kama kwetu pwani, yalitunza nguo, dhahabu na manukato ya bibi harusi.

Haina maana kwamba mafundi wetu hawakutengeneza. Walitengeneza, Unguja na Lamu, na hadi leo Mji Mkongwe una karakana zinazopiga njumu kila siku. Kwa hiyo kasha la bibi linaweza kuwa la India, linaweza kuwa la fundi wa pwani wa zamani, au linaweza kuwa jipya lililopakwa uzee. Hilo la tatu ndilo linalowaumiza wanunuzi. La kwanza na la pili, yasipotambuliwa, huwaumiza wauzaji, yaani wewe.

Mwingereza mmoja aliyeishi Tanganyika, Sheila Unwin, aliyafuatilia makasha haya kwa miaka mingi na kuandika kitabu, The Arab Chest, kilichotoka 2006. Yeye na wengine waliomfuata huyapanga kwa mitindo. Yale yanayoitwa ya Surat ni makubwa na mazito, na sehemu ya mbele imejaa misumari na mabamba ya shaba yaliyotobolewa maua. Ya Bombay yanajulikana kwa kuchongwa mbao zenyewe. Ya Malabar yana mbao tupu zaidi, lakini yamefungwa vyuma vya shaba vinene kwenye pembe na kwenye kufuli. Ya Kishirazi yana shaba pia, ila jina lake lisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba lilitoka mji wa Shiraz. Mitindo hii inasaidia kuanza mazungumzo tu. Mafundi waliigana, na mteja mwenye fedha aliagiza alichotaka.

Mbao husema zaidi kuliko maua

Kwa asili ya kasha, anza na mti. Makasha ya India mara nyingi ni ya msaji, au ya sesemi, ule mti mweusi-zambarau wenye mistari, mzito sana. Ya Malabar huweza kuwa ya mfenesi, ambao ukiwa mpya ni wa njano na baadaye huwa kahawia. Kasha la fundi wa huku linaweza kuwa la mvule, mninga au mbambakofi, miti ambayo haioti India.

Seremala wa kijijini kwako ataijua miti hii ya kwetu kuliko mtaalamu yeyote wa Ulaya, kwa hiyo mwite. Mwonyeshe sehemu ambayo haijapakwa kitu: chini ya droo, au ndani ya mdomo wa kufuli. Asikwangue sehemu ya mbele. Akisema bila kusita kwamba ni mninga, basi kasha hilo, hata likiwa zee, halikuja na jahazi kutoka Surat. Akisema ni msaji, jibu bado halijakamilika, kwa sababu Wajerumani walianza kupanda msaji Tanganyika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo mashamba ya msaji yapo Morogoro, Tanga na kwingineko. Fundi wa leo anaununua kama mbao nyingine yoyote. Msaji pamoja na dalili nyingine za uzee, hapo ndipo India inakuwa na uzito.

Geuza, chomoa, angalia nyuma

Sehemu ya mbele ya kasha imetengenezwa ili kupendeza, na anayetaka kudanganya huanza hapo. Nyuma, chini na ndani ya droo ndipo fundi wa zamani hakuhangaika kupamba, na ndipo mwigaji wa leo huchoka. Kwa maoni yangu, ukiwa na dakika tano tu, usiangalie kitu kingine. Chomoa droo.

Washa tochi ya simu na uishike ubavuni, karibu na mbao, ili mwanga upite juu ya uso wake kama jua la asubuhi shambani. Mikwaruzo yote itajitokeza. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina mistari iliyonyooka lakini haiko sawa, mingine imeinama kidogo, mingine mirefu, mingine mifupi. Mbao iliyopitishwa kwenye msumeno wa duara wa mashine ina alama zilizopinda kama sehemu ya duara, zinazofuatana kwa nafasi sawa. Ukiziona chini ya kasha linalodaiwa kuwa na miaka 200, una haki ya kutilia shaka. Ila usigeuze hoja hiyo: alama za msumeno wa mkono peke yake si ushahidi wa uzee, maana hata leo kuna vijiji ambavyo watu wawili hupasua gogo kwa msumeno mrefu, mmoja juu na mmoja chini.

Tazama pembe za droo. Fundi wa mkono aliunganisha mbao kwa meno yanayoingiliana, na meno hayo hayalingani: moja pana, jingine jembamba, na mara nyingi utaona mstari mdogo aliochora kwa ncha ya chuma ili ajue pa kukatia. Mashine hukata meno yote sawasawa kama ya kitana kipya.

Halafu angalia uchakavu, lakini uliza umetokana na nini. Droo iliyovutwa kwa miaka 100 imelika chini, pale inapoteleza, na reli yake imeliwa vilevile. Ukingo wa mfuniko umelainika katikati, mahali mkono unaposhika, si kotekote. Pale ulimi wa kufuli unapoanguka kuna alama kwenye mbao, na pale kishikio kinaponing'inia kuna mkwaruzo wa nusu duara. Miguu imeliwa na maji ya kudekia au na mchwa. Uzee wa kubandika hauna mantiki hiyo. Utakuta kasha limepigwapigwa mahali ambapo hakuna mkono wala mguu uliowahi kufika, na rangi nyeusi imepakwa hadi chini ya sakafu yake. Futa mahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Kikitoka na rangi ya kiwi ya viatu, umepata jibu lako.

Kuna jambo moja ambalo mwigaji hawezi kuliharakisha kirahisi. Mbao husinyaa kwa upana, haisinyai kwa urefu. Ndiyo maana mfuniko mpana wa kasha kongwe mara nyingi una ufa unaofuata nyuzi za mbao, na kitako cha droo kimejitenga kidogo na ukuta wake. Ukipata kirungu cha mbao cha kuvutia droo kilichochongwa duara, kipime kwa rula pande zote mbili. Cha zamani huwa kimegeuka kidogo kuwa kama yai.

Na matundu ya wadudu? Wengi huyaona kama cheti cha uzee. Mdudu anaweza kutoboa mbao ya mwaka jana. Chunguza badala yake kama tundu linapinda ndani. La kutengenezwa kwa keekee huenda moja kwa moja. Ukiona mfereji wa mdudu uliopasuliwa kwa urefu na kuachwa wazi juu ya uso wa mbao, maana yake mbao ilikatwa baada ya kuliwa. Hapo fundi ametumia mbao za zamani kutengenezea kasha jipya, kwa mfano boriti au mlango wa nyumba iliyobomoka.

Sumaku ya redio bovu

Kwa upande wa shaba, kuna kipimo kisichogharimu kitu. Tafuta redio iliyokufa, toa sumaku iliyo nyuma ya spika yake. Isogeze kwenye vichwa vya misumari. Shaba haivutwi na sumaku. Kichwa kikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hicho ni cha kiwandani. Pima misumari mingi, kwa sababu ya zamani hung'oka na kupotea, na wenye nyumba huziba pengo kwa chochote kilichopo dukani. Misumari kumi ya chuma kati ya mia tatu ya shaba ni matengenezo tu. Yote ikiwa ya chuma, hilo ndilo kasha lenyewe.

Misumari ya mkono haifanani. Ipige picha kwa karibu, kisha ikuze kwenye simu: vichwa vitakuwa na ukubwa tofauti kidogo, na mstari wake utayumba. Kati ya misumari kutakuwa na uchafu mgumu wa kijani au mweusi uliojikusanya kwa vizazi. Pale bamba la shaba lilipodondoka, mbao ya chini inapaswa kuwa na rangi tofauti na ya jirani yake, kama ngozi iliyokuwa chini ya saa.

Misumari inayoshikilia mbao zenyewe ni habari nyingine. Ile ya mviringo itokanayo na waya, yaani msumari wa kawaida wa dukani, ilienea duniani mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo msumari ulifuliwa au kukatwa, na shina lake lina pande nne. Skrubu yenye ncha kali ilianza kuenea katikati ya karne ya 19. Za kabla yake zilikuwa butu mwishoni. Skrubu yenye msalaba kichwani ni ya miaka ya 1930 na kuendelea, ilipopata hati ya ubunifu Marekani.

Kanuni hapa ni moja: kasha haliwezi kuwa kongwe kuliko kipande chake cha asili kilicho kipya kabisa. Neno zito ni "cha asili". Ukiona skrubu ya msalaba kwenye bawaba, ifungue taratibu. Kama pembeni kuna tundu la zamani lililozibwa, bawaba ilibadilishwa. Kama hakuna tundu jingine lolote, kasha na skrubu vilizaliwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa plaiwudi nyuma ya kabati: huenda iliwekwa kuziba palipoliwa na mchwa, au huenda kabati lote ni la karne ya 20.

Kwa makabati madogo ya enzi za ukoloni, yenye kitasa cha ndani badala ya kufuli la kuning'inia, soma maandishi ya kitasa. Maneno kama "Made in England" yalienea hasa baada ya Marekani kutunga sheria ya 1890 iliyotaka bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka.

Tarehe, sarafu na maneno ya wazee

Ndani ya kasha la njumu, upande mmoja, kwa kawaida kuna kijisanduku chenye mfuniko wake. Makasha mengi yana siri chini ya kijisanduku hicho: ubao unaonyanyuliwa au kutelezeshwa, na nyuma yake droo ndogo. Pima kina kwa ndani na kwa nje. Visipolingana, kuna nafasi iliyofichwa, lakini usitumie bisibisi kulazimisha.

Ukipata sarafu humo, furahi kwa kiasi. Pesa ya Seyyid Barghash yenye picha ya mizani ina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Inaonyesha tu kwamba mtu aliiweka humo mwaka huo au baadaye. Kasha lenyewe linaweza kuwa kongwe kuliko sarafu, au jipya zaidi.

Mwaka ulioandikwa ni bora, mradi ujue ni wa kalenda gani. Kwa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: mwaka 1310 unakuwa takribani 1892. Maandishi ya Kigujarati yana mtego mkubwa zaidi. Wagujarati wengi walitumia kalenda ya Vikram, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 56 au 57. Kasha lililoandikwa 1950 kwa tarakimu zao linaweza kuwa la 1893 au 1894, na kuna watu wangeliuza kwa bei ya samani ya wakati wa uhuru.

Kisha kaa na wazee. Usiwaulize "kasha lina miaka mingapi", kwa sababu watakujibu "mingi". Uliza lilikuja na harusi ya nani, huyo mtu alikuwa na watoto wakubwa wakati wa vita gani, na lilikuja kwa chombo gani. Swali la mwisho lina faida hasa kwa walioko bara. Kasha la msaji la urefu wa sentimita 120, lenye mbao za unene wa sentimita mbili na nusu, lina kilo zaidi ya 45 kabla ya kuweka shaba. Mzigo wa mpagazi wa msafara ulikuwa karibu kilo 30. Lingeweza kubebwa na watu wawili kwa mzegazega, lakini kwa gharama ambayo ni tajiri tu angeilipa. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa hiyo kasha kubwa lililoko Unyamwezi au Ujiji, ama lilikuwa la mtu mkubwa wa zama za misafara, ama lilipanda treni. Mzee anayesema "babu alilipokea stesheni" amekupa tarehe nzuri kuliko mtaalamu. Rekodi sauti yake kwenye simu, maana naye hatakuwepo daima.

Kabla hujamwita mnunuzi

Usilisafishe. Najua ndimu na majivu, au ukwaju, hufanya shaba ing'ae kwa dakika chache. Lakini utaondoa ule uchafu kati ya misumari, na asidi italoweka mbao. Msasa na vanishi ni mbaya zaidi. Vinafuta alama zote zilizoelezwa hapo juu, na mnunuzi anayejua hupunguza bei akiviona.

Piga picha za mbele, nyuma, chini, droo ikiwa imechomolewa, pembe, kitasa na misumari kwa karibu, kila moja ikiwa na rula kando yake. Zitume kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, au kwa makumbusho: Dar es Salaam, Zanzibar, Fort Jesus Mombasa au Lamu. Omba pia bei kutoka kwa wanunuzi wawili wasiofahamiana. Anayekataa kusubiri wiki moja kwa kitu kilichokaa nyumbani miaka 80 ana sababu yake.

Mwisho, sheria. Kuwa na kasha nyumbani si kosa. Kulitoa nje ya nchi ndiko kunakohitaji uangalifu. Kenya, kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hakitoki bila kibali. Angalia neno "kuingizwa": kasha la Surat linahusika. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria zake. Mnunuzi akisema atalisafirisha Ulaya, mwombe akuonyeshe kibali, na kwenye karatasi ya mauziano andika jina lake, namba ya kitambulisho, tarehe na maelezo ya kasha pamoja na vipimo. Nakala moja ibaki kwako, pamoja na zile picha.